Soma Majina kwa Sauti

Mgeta, siku moja kabla hujaondoka

Tatu mwanangu,

Salamu naziruka. Umeniamkia asubuhi, na utaniamkia tena ukirudi kutoka kuaga huko kwa Mama Mkubwa wako, nami nitaitikia marahaba kama siku zote, nikijifanya sina neno. Ninalo. Ndiyo maana nimekaa hapa barazani tangu alasiri na karatasi nilizochana kwenye daftari lako la kidato cha pili. Mwanzo wa barua hii nimeuandika mara tatu, na mara tatu nimeukunjakunja nikautupa kwa mbuzi. Ameula wote. Naona yeye kaupenda.

Habari za blanketi, za upepo wa Gairo, za kuchemsha maji na za kutopanga chumba karibu na baa, mama yako amekwisha kuzisema. Nyingine kazirudia mpaka begi lenyewe nadhani limezikariri. Sitaongeza. Mimi nina deni moja tu kwako, deni la jibu.

Unaikumbuka ile siku uliyokuja na barua ya ajira? Tulikuwa tunamenya njegere, wewe, mimi na mama yako. Ukaniuliza huku unacheka, "Hivi baba, wewe uliyewahi kuwa mtendaji wa kijiji, hebu niambie ukweli. Haya yaliyoandikwa kwenye katiba, kwamba mamlaka yanatoka kwa wananchi, kwamba serikali haimnyang'anyi mtu chake bila kufuata sheria, yanashika kweli? Au ni ya kujibia mitihani?"

Nikasema, "Yanashika." Kisha nikainuka nikaenda kumkatia mbuzi majani. Mbuzi alikuwa ameshiba, Tatu. Nilikaa kule bondeni nimeshika mundu, nakata majani yasiyo na mlaji, kwa kuwa sikuweza kukaa mbele yako na neno lile moja kinywani. Lilikuwa neno la kweli, ila aliyelisema hakustahili kulisema kwa wepesi ule.

Umekua ukiambiwa kwamba baba aliacha utendaji kwa sababu ya mgongo. Ulipokuwa na miaka kama kumi na mbili ulimuuliza mama yako mbele yangu, "Mgongo gani huo unaopandisha tenga la kabichi kutoka mtoni mpaka barabarani?" Mama yako akakutuma chumvi. Ulikwenda, ukarudi na chumvi, na swali likabaki limekaa pale pale jikoni miaka yote hii. Mgongo wangu ni mzima, mwanangu. Nilifukuzwa kazi. Na nilifukuzwa kwa haki. Wanaolijua hilo hapa kijijini walikunyamazia kwa heshima ya mama yako.

Sasa kesho unakwenda Gairo kuwa mtendaji, kushika muhuri wa kijiji kama ule niliowahi kuushika mimi. Dunia ni ndogo, na hao watendaji wenzako wengine ni watoto wa watendaji wenzangu. Siku moja mtu atakwambia, "Kumbe wewe ni binti wa yule?" Bora ulisikie kwangu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami sitaki niumbuliwe Gairo wakati niko hapa Mgeta napalilia karoti.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa mtendaji mwaka wa sita, na kiti cha ofisi kilishaanza kunizoesha vibaya. Watu wakinipisha njiani kwenye kile kijia chembamba cha kwenda shuleni, mwanzoni nilikuwa nasema, "Piteni, piteni." Baadaye nikawa sisemi. Baadaye tena asiyenipisha nikawa namuuliza jina. Hakuna aliyenifundisha hayo. Yaliingia kidogokidogo, nami nikadhani ni heshima ya serikali.

Jumatano moja simu ikaita. Mkubwa mmoja wa wilayani, na jina lake halitakusaidia kitu. Nilisimama kumsikiliza, peke yangu ofisini, nimeishika simu kwa mikono miwili kana kwamba ananiona.

"Mtendaji, yule mwekezaji wa mashamba ya maua anakuja Jumatatu. Lile eneo la kule mtoni. Nataka muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji mezani kwangu Ijumaa."

"Mheshimiwa, mkutano haujafanyika."

"Sijakuuliza kama umefanyika. Nimesema muhtasari."

Wewe umeyasoma hayo darasani kuliko mimi. Halmashauri ya kijiji inaweza kupendekeza tu. Wanaokubali au kukataa kutoa ardhi ni wanakijiji wenyewe, wamekaa mkutanoni, wametangaziwa mapema na wameulizwa. Pale ndipo serikali, hata iwe kubwa namna gani, inapotakiwa isimame ibishe hodi. Mlinzi wa mlango ule nilikuwa mimi. Nililijua hilo, usije ukanitetea kwamba sikujua. Nilikuwa na kitabu cha sheria kabatini, na juu yake nilikuwa naweka chupa ya chai.

Unajua nilichokifanya? Miezi miwili nyuma tulikuwa na mkutano wa mbolea ya ruzuku. Watu walijaa, maana mbolea haisusiwi, na kila aliyekuja aliandika jina akasaini, asiyejua kuandika akaweka dole gumba kwa wino wa zambarau. Karatasi ile ya mahudhurio haikuwa na kichwa cha habari. Ilikuwa na majina na alama tu, mia na kitu. Nikakaa nikatunga muhtasari wa mkutano wa ardhi, nikauandikia tarehe ya Jumamosi iliyopita, nikasema wananchi walijadili kwa kina na kuafiki. Tena nikaongeza, kwa ujuzi wangu, kwamba "walishangilia". Kisha nikachukua majina ya mbolea nikayabana nyuma yake kwa steplia. Mwenyekiti wetu, mzee aliyesaini chochote ilimradi kimepigwa chapa, akasaini. Mimi nikagonga muhuri.

Usidhani nilifanya vile huku moyo unanidunda kama mwizi. Nilikuwa nimetulia kabisa. Nilijiambia wangekubali tu. Maua yataleta ajira, barabara itatengenezwa, mkutano ungekuwa kelele za siku nzima na mwisho wake wangekubali tu. Basi nimewapunguzia usumbufu. Hilo "wangekubali tu" ndilo lililonipoteza, kuliko hata woga wa simu. Woga mtu anaujua kuwa ni woga. Lile lingine lilinijia likiwa limevaa nguo za wema, nikalikaribisha likakaa.

Na sasa sikiliza ardhi yenyewe ilikuwa ya nani. Sisi Waluguru ardhi inafuata tumbo la mama, unalijua hilo. Wewe ni wa ukoo wa mama yako. Mimi pale nilioa tu. Eneo la mtoni, zile ngazi za njegere zilizochimbwa kwenye mteremko, mnazozilima mpaka leo, ni la ukoo wenu, na mwenye kuliangalia kwa niaba ya wote alikuwa mjomba wako Saidi, kaka yao mama yako na Mama Mkubwa. Kitovu chako kimezikwa kwenye ngazi ya tatu kutoka juu, karibu na ule mgomba usiozaa. Nilitoa kwa muhuri kitu kisichokuwa changu, tena ni chako, na wewe ulikuwa na miaka saba umelala chumba cha pili.

Mwekezaji alituma watu wakapigilia vigingi katikati ya njegere. Siku ya pili yake Mama Mkubwa akaja ofisini. Hajui kusoma, kama unavyomjua, lakini kuhesabu siku na kukumbuka nani alisema nini hakuna wa kumshinda milima hii. Alisimama mlangoni, kanga imefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda shamba.

"Shemeji, hodi."

"Karibu, shemeji."

"Nimeambiwa tumekubali kutoa shamba. Nimekuja kuuliza tulikubali lini."

Nikamwambia hayo ni mambo ya ofisi. Akasema sawa, atasubiri ofisi imalize. Akakaa kwenye benchi. Watu wakaingia, wakatoka, wakamkuta amekaa, na kila aliyemuuliza alimjibu, "Namsubiri mtendaji aniambie tulikubali lini." Kufika saa nne nikashindwa kuvumilia. Nikamwita Omari, yule mgambo wetu, nikamwambia amfungie huyu mama stoo kwa kudharau ofisi.

Omari hakuwa mtu wa maneno. Alifungua kile kitabu chake cha matukio, akatoa kalamu sikioni, akaniuliza, "Mzee, kosa lake niandike nini?"

"Andika dharau."

"Dharau ya nini, mzee? Ameuliza tarehe."

Akasubiri. Hakunibishia na hakunipandishia sauti. Alisimama tu na kalamu, anangoja nimpe kosa la kuandika, na mimi sikuwa nalo. Ungekuwa umesimama pale ungemwona baba yako amekasirika mpaka masikio yanawaka, kwa sababu ya swali ambalo mtoto wa darasa la tatu angeweza kuliuliza. Nikamnyang'anya funguo. Nikamfungia mwenyewe shemeji yangu, dada wa mke wangu, kwenye stoo ya ofisi, pamoja na magunia ya mbolea ile ile.

Nilimfungulia adhuhuri. Sikumfungulia kwa huruma, nilisikia tu kwamba mama yako anakuja. Nilimkuta amekaa juu ya gunia anachambua maharage aliyokuwa nayo kwenye pindo la kanga, mazuri huku, mabovu kule. Akanitazama, akasema, "Umemaliza, shemeji?" Akajifuta, akatoka. Mpaka leo nikimwona anachambua maharage natafuta la kufanya nje.

Mama yako hakusema nami siku kumi na moja. Chakula nilipewa, maji ya kuoga nilipewa, neno sikupewa. Wewe ndiye uliyekuwa ukitumwa. "Baba, mama anasema ugali uko tayari." Unakumbuka? Ulikuwa unadhani ni mchezo.

Mama Mkubwa hakulia na hakumroga mtu, ingawa wapo waliomshauri. Alipanda lori la kabichi, akakaa juu ya mizigo na wapakizi, akashuka Morogoro mjini. Kule alikwenda ofisi za mkoa akakaa kwenye benchi, na benchi analiweza. Siku ya kwanza wakamwambia njoo kesho, akaja. Ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu dada mmoja mwanasheria, mdogo tu, pengine alikuwa na umri wako wa sasa, akamuuliza, "Bibi, nikusaidie nini?" Akamjibu, "Nataka kujua tulikubali lini." Yule dada akaiomba faili. Akaandika barua kwamba mkutano mkuu wa kijiji uitishwe, muhtasari ule usomwe mbele ya wanakijiji, naye mwenyewe atakuwepo. Mstari mmoja tu, Tatu. Mkubwa wa wilayani na simu yake hakuweza kuufuta.

Tulikutana uwanja wa shule. Sijawahi kuona watu wengi vile hata kwenye mbolea. Yule dada akakaa kwenye kiti cha mwalimu, akasema, "Mtendaji, tusomee." Nikasoma. Sauti yangu ilikuwa nzuri siku ile, nakwambia, nilikuwa nimeamua kuyamaliza kwa ushupavu. Nilipofika kwenye "walishangilia" watu wakacheka uwanja mzima. Nikangoja wamalize, nikaendelea mpaka mwisho, nikakaa.

Mama Mkubwa akasimama. "Hajamaliza. Kuna majina nyuma. Asome majina, kwa sauti, na kila mtu aitike."

Nikamwangalia yule dada. Akaniashiria nisome.

Nikaanza. Wa kwanza akaitika, "Nipo, lakini mimi nilikuja kwa mbolea!" Kicheko. Wa pili, "Mbolea!" Wa tatu, "Tena hata hiyo mbolea sikupata!" Ikawa kama ngoma, mimi naita, wao wanaitikia, watoto wamekaa ukutani wanapiga makofi. Jasho lilikuwa linanitiririka mpaka kwenye karatasi. Lakini nilikuwa bado nasoma, nikidhani aibu ikifika hapa itakoma, haina pa kwenda zaidi.

Jina la kumi na nane nikalisoma kama nilivyosoma mengine, bila kulitazama. "Saidi Ramadhani."

Hakuna aliyecheka.

Mjomba wako alikuwa amekufa wiki tano kabla ya ile Jumamosi niliyoiandika. Alikuja kwenye mbolea akikohoa, akaweka dole gumba lake, akarudi nyumbani, na mwezi haukupita. Na mimi, mwanangu, mimi nililibeba jeneza lake kwenye kile kilima, tukipokezana mabega. Nilikuwa mmoja wa watatu tulioingia kaburini kumpokea. Mikono hii ndiyo iliyomlaza. Kisha mikono hii hii ikabana karatasi yenye jina lake kwa steplia, nikamfanya marehemu akubali kutoa ardhi ya ukoo wake aliyoilinda maisha yake yote. Sikufanya makusudi, na hapo ndipo ubaya wenyewe ulipo. Sikuyasoma majina. Yalikuwa mia na kitu, nami nilikuwa na haraka ya Ijumaa. Kwangu hawakuwa watu tena, walikuwa idadi inayotosha.

Mama Mkubwa alikuwa bado amesimama. Akasema taratibu kabisa, bila hasira, "Mwite tena, shemeji. Labda hajasikia."

Nilifungua mdomo nimwite. Wallahi nilitaka kumwita, ili nisiseme lile lingine. Sauti haikutoka. Nikaiweka karatasi chini, nikasema, "Mkutano haukufanyika. Majina haya niliyaweka mimi." Basi. Hayo ndiyo yote niliyoyasema, na nilichelewa sana kuyasema.

Ile karatasi ilifutwa pale pale. Vigingi viling'olewa na wanawake wa ukoo wenu, wakavifanya kuni. Mimi nilisimamishwa kazi, baadaye nikafukuzwa. Yule mkubwa aliyenipigia simu alihamishwa tu, akaendelea na kazi kwingine, na nasikia alistaafu vizuri. Nakwambia na hilo ili usiende Gairo ukidhani kila hadithi inaishia kwenye uwanja wa shule na watu wanapiga makofi. Nami nina simu, nayaona unayoyaona. Nayajua mambo ambayo mstari wa sheria ulichorwa na mtu akauruka mchana kweupe, na hakuna aliyemuuliza tarehe. Siku nyingine nakasirika mpaka mama yako ananinyang'anya simu.

Lakini uliniuliza kama yanashika, nami sasa naweza kukujibu bila kukimbilia kwa mbuzi. Siku ile yalishika. Hayakushika kwa kuwa yameandikwa, maana yalikuwa yameandikwa hata kabatini kwangu chini ya chupa ya chai. Yalishika kwa sababu Omari alitaka kujua aandike kosa gani, yule dada wa mkoa aliiomba faili, na mama asiyejua kusoma alijua kwamba ana haki ya kusomewa. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa shujaa. Omari alikuwa anaogopa, aliniambia mwenyewe baadaye. Kila mmoja aligoma kuruka hatua yake ndogo. Hatua iliyorukwa ilikuwa yangu peke yangu, na nikikumbuka jinsi ilivyokuwa rahisi kutoiruka, naumia mpaka leo.

Nilizoea kusema mwenye nguvu mpishe. Ndivyo tulivyolelewa, na ukikutana na lori kwenye kona za huku ni methali nzuri sana. Ofisini ilinifanya nimpishe aliyenizidi, na waliokuwa chini yangu nikawasukuma korongoni.

Nikueleze na jambo moja ambalo pengine hulikumbuki, kisha nimalize. Baada ya kufukuzwa sikuwa na pa kulima. Ardhi ya ukoo wangu iko mbali, na ilikuwa imeshagawanywa. Nilikwenda kwa Mama Mkubwa kuomba ngazi moja ya kulima. Nilipiga magoti, Tatu. Baada ya Saidi yeye ndiye aliyekuwa amekabidhiwa shamba, na angeweza kunifukuza kwa neno moja, na dunia nzima ingemwambia amefanya sawa. Au angeweza kunipa kwa neno moja, akaonekana mkarimu. Aliniambia, "Si langu peke yangu, shemeji. Ngoja niwaulize wenyewe." Akawaita wote wa ukoo, wakubwa kwa wadogo, akawauliza mmoja mmoja kwa jina nami nimekaa pale nasikia. Wawili walikataa. Mmoja alinitukana. Wengine wakakubali. Na alipofika mwisho alikuita na wewe, ukiwa na miaka saba, kamasi zinakutoka, akakuuliza, "Tatu, baba yako alime kwenye shamba letu?" Ukasema, "Alime, lakini asikanyage njegere."

Ngazi ninayolima ndiyo ile ya tatu kutoka juu. Kila kabichi iliyokusomesha imetoka kwenye ardhi niliyotaka kuigawa. Nami sijakanyaga njegere.

Kwa hiyo unaona, mwanangu, sikuhofii kama nilivyojihofia mimi. Tangu ukiwa mdogo una hilo swali. Siku mbuzi alipokula miche ya nyanya nikamkamata mdogo wako Rehema nimchape, ulisimama mlangoni ukasema, "Baba, hujamuuliza." Nilikasirika, lakini fimbo niliishusha. Nenda nalo swali hilo. Litakuchosha, na kuna siku simu itaita na utasimama na kuishika kwa mikono miwili kama mimi. Miguu itataka kusimama, iache isimame. Mkono wenye muhuri ndio usiuruhusu uwe na haraka. Kabla hujagonga, soma majina kwa sauti, hata ukiwa peke yako ofisini, hata mgambo wako akidhani umerukwa na akili. Kila jina uone sura yake. Usipoiona sura, inuka ukaitafute nyumbani kwake.

Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii niifiche kwenye begi lako, chini ya blanketi, uikute ukiwa Gairo. Wewe ungesoma kule, ungelia au ungenichukia kule, na mimi ningekuwa huku nangoja simu. Asubuhi nilipopeleka maji kwa Mama Mkubwa akaniuliza, "Umeshamwambia?" Nikamwambia nitamwandikia barua, nitaitia kwenye begi. Akaendelea kuchambua maharage yake. Kisha akasema, "Hiyo ni ya kujificha, shemeji. Msomee. Nami nije nisikie, maana mimi kusoma sijui."

Basi haiingii kwenye begi. Kesho, mkishamaliza chai, kabla ya kwenda barabarani, nitaisoma hapa barazani. Utakuwepo wewe, mama yako, Rehema na Mama Mkubwa. Ukimaliza kunisikiliza utaamua mwenyewe kama utaniaga kwa mkono au kwa kichwa tu, na lolote utakaloamua nitalipokea, nitalibeba begi lako mpaka kwenye gari.

Ninakuomba kitu kimoja tu. Nikifika kwenye jina la mjomba wako sauti ikakwama, usinisaidie kusoma. Nisubiri. Safari hii nitamaliza.

Baba yako,
Rajabu, aliyewahi kuwa mtendaji